Umemeza au Umeweka?

Mimi nimestaafu. Wanaotaka kucheka wacheke sasa, nitasubiri. Nina miaka kumi na saba, sina mvi, na magoti yangu hayalii nikiinama. Lakini kazi niliyoianza nikiwa darasa la tano nimeiacha, na mtu aliyeacha kazi yake anaitwa mstaafu. Kwa hiyo nipeni kiti kizuri, nyinyi kaeni chini, na yule anayetafuna muwa amalize kwanza.

Kazi yenyewe mnaijua, maana naona baadhi yenu mmeshakamatwa: kupeleka wazee kwa musawo, daktari au nesi. Hapa kambini Nakivale, kwa sisi tuliokimbilia Uganda, mama yuko shambani, baba yuko kwenye boda au hayuko kabisa, na mzee anatakiwa kliniki. Mzee anajua Kirundi, pamoja na Kiswahili cha kuombea chumvi kwa jirani Mkongo. Musawo anajua Kingereza, Kinyankore na Kiswahili cha jeshi. Katikati yao anawekwa mtoto yeyote mwenye mdomo. Mimi nilikuwa na mdomo wa kutosha watu watatu, ndiyo maana sikuchelewa kuajiriwa. Wazee waliniita Madmazeli. Niliwapeleka kituo cha afya cha hapa kambini, na wale waliozidi niliwasindikiza hadi Mbarara, mjini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, na siyo ile unayoifikiria.

Nimewapeleka wazee wengi, lakini habari hii ni ya mmoja. Bibi yangu Daforoza, mama yake mama, alikuwa anatembea. Shikeni hilo kabla ya mengine yote. Alikuwa anakwenda kwa miguu kwenye shamba letu la maharage, anarudi kwa miguu, na Jumapili anakwenda misa kwa miguu huku akiwapita vijana njiani. Ukimwambia apande boda alikuwa anauliza nani amekufa. Nilikuwa nikimfuata nyuma na kulalamika kwamba bibi za wenzangu hukaa vibarazani kama watu wa heshima. Laiti ningefunga huo mdomo.

Kazi nilifundishwa na Fidelia, binti wa jirani aliyeifanya kabla yangu. Alikuwa na sheria zake. Ukifika hospitali usikae mlangoni, kaa karibu na dirisha la dawa, kwa sababu mlangoni wanaita majina tu lakini dirishani ndipo mambo yanapoharibika. Dawa ikitolewa, mwombe mtoaji aioneshe kwa mkono, kidonge hiki asubuhi, kile jioni, kisha mzee arudie mwenyewe, maana mzee akitikisa kichwa hajaelewa, anakusaidia tu uondoke haraka. Na sheria kubwa kuliko zote: mzee wa Kirundi akisema anaumwa kidogo, wewe mwambie musawo anaumwa sana. Wazee wetu neno "kidogo" wanalitumia hadi kaburini. Mtu amevunjika mbavu anakwambia inamgusa kidogo.

Fidelia alikuwa bingwa. Kisha familia yao ikaitwa kuhamia Kanada, akaondoka na sheria zake. Sijui kama Wakanada nao husema kidogo. Lakini kuna sheria moja hakunipa, kwa sababu hata yeye hakuijua, na hiyo ndiyo imenileta hapa leo. Ningekuwa naijua mapema, Jumapili hii Bibi angekuwa njiani anawapita vijana.

Tuanze na mambo madogo, nioneeni huruma, yale makubwa yana uzito.

Mzee Venansi, yule mwenye kofia ya kijani, alikuwa mteja wangu wa kwanza. Alipewa dawa ya tumbo na ya viungo, akaambiwa ameze mara tatu kwa siku baada ya chakula. Nikatafsiri vizuri, nikajisifu. Baada ya siku chache mkewe akaja kulalamika kwamba mzee analala kama gogo na tumbo linaungua kuliko mwanzo. Nikaenda kumhoji kama polisi. Kumbe mzee ametii kila neno. Mgao wa chakula ulikuwa umepunguzwa na nyumbani kwake walikuwa wanapika mara moja, jioni. Chakula ni kimoja, dawa ni za baada ya chakula, basi akawa anameza zote tatu kwa pamoja akiweka sahani chini. Nilicheka hadi nikakaa. Halafu sikucheka tena, kwa sababu mkewe hakucheka.

Tangu hapo nilikuwa nauliza kabla musawo hajaandika kitu: nyumbani mnapika mara ngapi? Nyinyi pia muulize. Msione aibu. Musawo hawezi kujua sufuria yenu kwa kumtazama mzee machoni.

Kingine. Musawo akiuliza kama mzee anatumia dawa nyingine, mzee atasema hapana, na hasemi uongo. Kwake dawa ni kitu ulichopewa na mtu mwenye koti jeupe. Zile kapsuli za rangi mbili alizonunua dukani, zile za mgongo anazotafuna kila akitoka shambani, yale majani machungu anayochemsha asubuhi, hiyo siyo dawa, hiyo ni maisha. Kumbe zile za mgongo ukizimeza kila siku zinapandisha presha na kuchokoza figo, na daktari anabaki kupigana na kitu asichokiona. Mimi nilikuja kuacha kutamka neno dawa. Nilikuwa nauliza: jana ulikunywa nini, ulitafuna nini, ulijipaka nini. Hapo mzee anafunguka, unapata orodha ndefu kuliko ya ubatizo. Au hata usiulize, chukua mfuko, kusanya kila kitu chenye vidonge ndani ya nyumba, kipeleke chote kikaonekane.

Mnaona nilivyokuwa hodari. Wazee wa watu nilikuwa nawapekua hadi mifukoni. Bibi yangu mwenyewe sikumpekua, kwa sababu alikuwa Bibi yangu, na kwa sababu alinipiga marufuku. Dawa zake za presha alikuwa anakwenda nazo nyuma ya pazia la kitanda. Alisema mtu akimeza mbele ya watu anafanana na kuku. Sote tukakubali, hata mama.

Presha ya Bibi iligunduliwa hapa kambini, ikawa kubwa, tukapelekwa Mbarara. Huko tulikutana na Sista Akampa, nesi anayekaa Ruti, pembeni ya mji. Baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake kilizaliwa bareki na hakijawahi kuvua buti. Ni mwanamke mwema, nawaambia mapema, amewahi kunigawia chapati yake. Lakini akifungua mdomo unahisi umepangwa mstari. Kaa. Leta mkono. Pumua. Nyamaza. Anakusalimia na wewe unatafuta mahali pa kuficha viatu.

Mara ya kwanza alipomuuliza Bibi kama dawa anakunywa kila siku, Bibi alikaa wima, akatazama ukuta, akajibu kwamba ndiyo, afande. Benchi zima lilicheka, Sista mwenyewe akacheka, na mimi kuliko wote. Nililirudia hilo "ndiyo, afande" nyumbani, shuleni, hata kwenye mazoezi ya kwaya. Likawa jina la Bibi kwa muda. Halikunijia kichwani kwamba wale waliomsemesha Bibi kwa sauti ya namna hiyo, kule alikotoka, hawakuwa manesi. Mtu aliyewahi kuulizwa na watu wenye bunduki anajifunza jibu moja. Ukimuuliza anameza, ndiyo. Hasikii kizunguzungu, ndiyo, hasikii. Amekula, ndiyo. Ungemuuliza kama ameshawahi kuruka angani, angesema ndiyo na kuomba aruhusiwe kukaa.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye miwani, sauti yake chini kama ya mtu aliye maktaba. Kila tukienda alipima, akakunja uso, akasema presha haisikii dawa. Dawa ya kwanza akaiongeza. Tukirudi, bado haisikii. Akaweka ya pili. Bado. Akaweka ya tatu, ile ya kukojoza, na ile ya kwanza akaipandisha tena. Sikumlaumu wala simlaumu. Mbele yake alikuwa na bibi anayesema anameza, mjukuu mwenye mdomo anayethibitisha, na mashine inayosema presha iko juu. Wewe ungefanya nini? Alifanya kama alivyofundishwa. Siku hiyo ya dawa ya tatu aliniangalia akaniambia kwa Kingereza kwamba ikiendelea hivi Bibi atapooza upande mmoja, hatatembea tena, na kwamba nihakikishe anameza kila kitu bila kuruka.

Hatatembea tena. Nilitafsiri hilo kwa Bibi. Nilitafsiri na kwa mama jioni, na mama, ambaye haogopi kitu, akaacha kumenya mihogo. Shule ilikuwa imefungwa. Akasema kazi yangu ya likizo ni moja tu: kila asubuhi, kwa macho yangu, Bibi ameze.

Sasa ingia wewe ukamwambie Bibi Daforoza atoke nyuma ya pazia ameze mbele ya watu kama kuku. Nilijua akiamriwa na mama watagombana. Kwa hiyo nikaleta mchezo, kwa sababu mimi ndivyo nilivyo, kila mlango nausukuma kwa mzaha. Asubuhi ya kwanza nilivaa sufuria kichwani, nikaweka mwiko begani, nikaingia na mguu mzito, na kwa sauti ya Sista Akampa kabisa nikasema:

"Daforoza. Simama. Leta mdomo."

Akanitazama. Kisha akatoka nyuma ya pazia, akasimama wima, akapokea vidonge vyote kiganjani, akameza. Nikamwambia ulimi juu, akainua. Ulimi chini, akashusha. Nikampigia saluti, naye akanipigia saluti, na watoto wa jirani waliokuwa wamechungulia mlangoni wakaanguka kwa kicheko. Bibi naye alicheka. Nadhani alicheka. Ukaguzi wetu ukawa sinema ya mtaa, watu wanakuja na chai yao kutazama. Sikukosa hata asubuhi moja. Sikuwahi kufanya kazi yoyote maishani kwa uaminifu kama ile, hata kitabu cha hesabu hakijawahi kuniona hivyo.

Hadi leo sijui alimeza kwa kucheka au kwa kuogopa. Nimewahi kumuuliza, akasema nilikuwa nachekesha. Hilo siyo jibu la swali.

Wiki ya pili Bibi alianza kushika ukuta. Akitoka kitandani anasimama kwanza na mkono kwenye nguzo, macho amefunga, kama anayesikiliza redio ya mbali. Shambani alikaa chini kabla ya wengine. Nilimuuliza ana nini, akaniambia ana kizunguzungu kidogo.

Kidogo. Mimi, mwanafunzi wa Fidelia. Mimi niliyewatafsiria wazee wa vijiji vitatu neno hilo kuwa sana. Limetamkwa ndani ya nyumba yangu, na Bibi yangu, kwa Kirundi kisichohitaji mkalimani, nami nikalichukua vilevile lilivyo. Nikamwambia ni uzee, awahi kulala. Nikamtania kwamba amekunywa pombe ya ndizi nyuma ya pazia.

Jumapili tulikwenda misa. Alikwenda kwa miguu, lakini hakumpita mtu, na mimi nikafurahi kwamba hatimaye tunatembea kama watu wa heshima. Kanisani alikaa mahali pake, pembeni, karibu na nguzo ya matofali. Watu wakapiga magoti, naye akapiga. Kengele ikalia, padri akainua hostia, akashusha, tukaambiwa tusimame. Bibi hajawahi kusimama taratibu maishani mwake. Aliinuka mara moja kama kawaida yake, akabaki juu kidogo, akaniangalia kama mtu anayetaka kuniuliza kitu, kisha akaenda chini kwa ubavu, nyonga ikagonga ukingo wa benchi. Nilisikia mlio. Mama mmoja nyuma yetu alidhani ni Roho Mtakatifu, akaanza kusifu. Sisi Wakatoliki wa hapa Roho hatuangushi hivyo. Nikapiga magoti tena, peke yangu, kanisa zima limesimama, nikashika kichwa cha Bibi. Ngozi yake ilikuwa ya baridi na yenye majimaji.

Tulifika Mbarara kwa gari la wagonjwa. Sista Akampa alikuwa zamu. Alimpima Bibi akiwa amelala, akadhani mashine imeharibika, akaleta nyingine. Presha ile isiyosikia, ile iliyopandishiwa dawa mara tatu, ilikuwa chini kabisa, chini kuliko ya mtu mzima yeyote aliyeingia hapo siku hiyo. Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari mpole akaja, akasoma, akasoma tena, akaniuliza ni nini kimebadilika nyumbani. Nikamwambia kwa fahari, mjinga mimi, kwamba hakuna kilichobadilika ila tu sasa anameza kila siku mbele yangu.

Akavua miwani. "Sasa," akasema polepole. "Na zamani?"

Aliniomba nirudi nyumbani nilete kila dawa iliyo ndani ya nyumba. Mnaona, ndiyo sheria yangu mwenyewe ya mfuko. Mtu mwingine alinilazimisha kuitumia kwa Bibi yangu, na kwa kuchelewa.

Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Chini ya kitanda kulikuwa na gunia la maharage ya mbegu, na ndani ya maharage, mkono ukagusa bati. Ni lile kopo la mafuta ya mgao, kubwa, mfuniko wake umekatwa kwa kisu na kukunjwa vizuri usikwaruze. Ndani kulikuwa na vipande vya sabuni vilivyokauka, chumvi iliyofungwa kwenye nailoni, kiberiti, na rozari iliyokatika. Na chini ya vyote hivyo, vidonge. Vyeupe, vya njano, vya waridi, vingine kwenye karatasi zake, vingine vimefungwa kwenye kona za vitambaa kwa mafundo madogo. Tangu dawa ile ya kwanza kabisa. Nilikaa sakafuni nikavitazama kama mtu aliyekuta familia nyingine ndani ya nyumba yake.

Nyinyi mnajua desturi ya kopo, hata kama kwenu ni ndoo au begi. Kila mzee aliyekimbia analo. Chochote kikitolewa, kidogo kinaliwa, kingine kinawekwa, kwa ajili ya siku ambayo hakitatolewa. Sabuni inawekwa. Unga unawekwa hadi wadudu wanauhamia. Sisi watoto tunawacheka, tunasema Bibi anafungua duka. Lakini hakuna hata mmoja wetu, pamoja na ucheshi wetu wote, aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuweka na presha yake.

Nililipeleka kopo Mbarara kama lilivyo, likinuka maharage. Daktari alilimimina kwenye trei, akavipanga vidonge kwa rangi. Kisha akaniambia kitu ambacho sitakisahau: kwamba zile dawa hazikushindwa kamwe, hazikuwa zimejaribiwa. Alikuwa akiongeza dawa juu ya dawa kwa mwanamke ambaye alikuwa hamezi hata ile ya kwanza sawasawa, halafu siku moja zote zikaingia kwa pamoja, kila asubuhi, kwenye mwili mdogo wa mzee anayekula mara moja. Hakupiga kelele. Alisema alipaswa kuuliza kabla ya kuongeza. Nikasema aliuliza. Akasema hapana, aliuliza kama anameza, na nani angesema hapana.

Hapo Sista Akampa alifanya kitu kizuri. Alivuta kiti, akaona bado yuko juu, akakisukuma kando, akachuchumaa kabisa pembeni ya kitanda hadi uso wake ukawa chini ya uso wa Bibi. Akanong'ona, Kiswahili chake kile kile cha bareki, lakini kimevua kofia:

"Nyanya, hii dawa ulikuwa naweka ya nini?"

Bibi aliangalia kopo, akaniangalia mimi. Nikamwambia kwa Kirundi hakuna anayemkasirikia. Akajibu kwa Kiswahili, amsikie mwenyewe.

"Babu ya huyu alikuwa mutu wa kutii," akasema. "Walimwambia kila siku, akameza kila siku. Kisha fasi ile tulikuwa, wakasema dawa imeisha, mungoje. Tukangoja. Hakuwa hata na moja ya kungojea nayo." Akavuta pumzi. "Mimi nikasema, mimi sitamaliza."

Nilijua babu alifia njiani, kabla sijazaliwa. Sikujua kwamba alikufa kwa kutii. Miaka yote hiyo nilikuwa nampeleka Bibi hospitali, nambebea maji, namtafsiria kila neno, na neno hilo moja halikuwahi kupita kwangu, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kulitoa.

Daktari alifuta karibu zote. Akaanza upya na kidonge kimoja, kidogo, na akasema tutakwenda polepole, tutampima amelala na tutampima amesimama. Akafika hapo kwenye "amesimama" akaiangalia nyonga ya Bibi.

Nyonga haikuunga vizuri. Kwa umri wake walisema wataiacha ijishike yenyewe, na ilijishika vibaya. Alilala huko muda mrefu, kisha tukamrudisha. Jembe lake limetundikwa. Shamba la maharage analima mama, na maharage hayana adabu kama zamani. Jumapili katekista anamletea komunyo mlangoni, na Bibi anaipokea akiwa kwenye kiti cha plastiki, shuka magotini. Ile siku daktari alipotisha kwamba hatatembea tena, alisema ikiwa hatameza. Nilimfanya ameze. Hilo sijui namna ya kulitafsiri kwa mtu yeyote, hata kwangu mwenyewe.

Kwa hiyo nimestaafu. Mama anasema ni kwa sababu ya mtihani wa mwisho wa sekondari, wa sinia foo, nami namwacha aseme. Lakini nyinyi mnaoingia, chukueni hii. Msimuulize mzee wenu kama anameza. Hilo ni swali la afande, na jibu lake mnalijua. Muulizeni hivi: umemeza au umeweka? Liulizeni kama mtu anayeuliza chai au uji, maana vyote viwili vinafanywa na watu wema. Muulizeni kabla daktari hajashika kalamu kuongeza. Na kama ameweka, msimlazimishe kesho yake ameze vyote, wala msitupe vidonge. Mwambieni musawo kwanza, yeye apange upya. Mzee akianza kushika ukuta, hiyo siyo kidogo. Mfundisheni kuamka kwa awamu: akae kwanza ukingoni mwa kitanda, atukane mtu mmoja au wawili, ndipo asimame.

Na mzaha si dhambi, nitaufanya hadi nizikwe. Ila chungulieni kwanza mnamcheka nani, na kwa sauti ya nani. Sufuria ile nimeirudisha jikoni.

Juzi nilirudi kutoka shule nikamkuta Bibi kibarazani, ameketi kama watu wa heshima. Kopo liko pembeni yake; alilidai kutoka hospitali kabla hata ya kudai chakula. Nikakaa chini, nikachukua mkono wake, nikamuuliza.

"Bibi, leo umemeza au umeweka?"

Akafikiri. Hakutazama ukuta. "Nimeweka," akasema, akatabasamu na jino lake lile moja la mbele. "Moja tu."

Nilicheka, akacheka, na safari hii nina hakika alikuwa anacheka. Nikamwambia basi kliniki ijayo amwambie Sista Akampa mwenyewe, Sista hatamgombeza.

"Mwambie weye," akasema. "Yule hata akinong'ona, mimi nasikia kusimama."

Kisha akaiangalia miguu yake chini ya shuka, na mimi nikaiangalia, na hatukuwa na la kutania.